Maji Yapande Kilimani: Shajara ya Hidramu, Kasese, Januari 2023 hadi Machi 2024

14 Januari 2023: Kazi yenyewe na sababu yake

Naanza kuandika kabla sijanunua hata bomba moja, ili atakayetaka kuifuata kazi hii ya kupandisha maji ya kijito hadi shule ya kilimani aone mambo kadiri yalivyotokea siku kwa siku. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mafundi wanaoniuliza habari zake wako Bwera na Mpondwe, miji ya mpakani hapa magharibi mwa Uganda, na wengine wako ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo, na lugha tunayoshirikiana sote ni hii.

Mimi ni fundi bomba. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa mgodi wa shaba wa Kilembe, na Kiswahili cha nyumbani kwetu ni kile kilichozungumzwa na wachimbaji waliotoka katika makabila mengi. Kazi ya mgodi iliposimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, wazazi wangu walihamia kilimani kwa ukoo wa mama, na huko ndiko nilikokulia. Kwa miaka tisa iliyopita niliishi Kampala nikifunga mabomba katika majengo ya ghorofa. Nilipandisha maji hadi ghorofa ya nane kwa watu nisiowajua, huku mama yangu akiyapandisha kwa mgongo, kamba ikiwa imekaza kwenye paji la uso, kama wanawake wa milimani kwetu wabebavyo mizigo. Jambo hilo lilininyima usingizi. Mwezi Desemba niliacha kazi na kurudi nyumbani nikiwa na akiba ya shilingi 3,200,000.

Shule ya msingi iliyo kilimani ina wanafunzi 430, na kila asubuhi kila mmoja wao huja na jerikeni ya lita 5 aliyoijaza kwenye kijito kilicho bondeni. Anayechelewa kushuka huchelewa kusoma, na wanaochelewa zaidi ni wasichana, kwa kuwa wao hujaza kwanza ya nyumbani. Ninataka maji ya kijito hicho yafike shuleni yenyewe. Nimechagua kijito cha pembeni na kuuacha Mto Nyamwamba, kwa sababu mto huo hupita kando ya marundo ya mabaki ya mgodi, ilhali kijito chetu hutoka juu bila kuyagusa.

Pampu ya sola niliyoulizia bei ilihitaji shilingi milioni 9. Pampu ya dizeli ingehitaji mafuta kila wiki, na shule ambayo wazazi wake hulipa michango kwa maharage haiwezi kununua mafuta kila wiki. Ndiyo maana nimeamua kutengeneza hidramu, pampu isiyo na injini, ambayo Mfaransa Joseph-Michel Montgolfier aliifanya ijiendeshe yenyewe mwaka 1796. Maji mengi hushuka kwa kasi ndani ya bomba la kushushia na kumwagika kupitia valvu ya kumwagia. Kasi ikifikia kiasi fulani, valvu hiyo hujifunga ghafla, na maji yaliyokuwa mwendoni, yakiwa hayana pa kwenda, huzaa kishindo kinachofungua valvu ya pili na kuingiza maji kidogo ndani ya chupa ya hewa. Hewa iliyobanwa humo ndiyo huyasukuma maji hayo hadi juu. Kishindo kikiisha, valvu ya kwanza hufunguka tena, na mambo huanza upya, mara hamsini, sitini au zaidi kwa dakika, usiku na mchana.

4 Februari 2023: Vipimo, na ahadi niliyolazimika kuifuta

Mambo matatu lazima yajulikane: maji yanayopatikana kwa dakika, kimo yanachoshuka kabla ya kufika kwenye pampu, na kimo yanachotakiwa kupanda kutoka hapo. Kiasi cha maji nilikipima kwa kuyakusanya yapite penye mdomo mmoja na kuhesabu muda wa kujaza jerikeni ya lita 20. Ilichukua sekunde 14, yaani lita 85 hivi kwa dakika, na sasa ni kiangazi. Niliamua kutumia lita 60 tu na kuyaacha mengine yaendelee na njia yake.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kimo. Nilitumia programu ya simu inayoonyesha mwinuko kutoka usawa wa bahari, nikasimama mahali pa kuweka pampu, kisha nikasimama mahali pa kuweka tangi la shule, nikatoa na kupata mita 27. Kwa hesabu hiyo nilimwambia mwalimu mkuu, mbele ya kamati ya shule, kwamba watapata lita 7,000 kwa siku. Siku chache baadaye nilipanda kilima kile nikiwa nimebeba mfuko wa saruji, na miguu yangu ikakataa kuamini kwamba mita zile ni 27. Nilinunua mpira wa maji wa mita 15, unaopitisha mwanga, nikaujaza maji, na mimi na binamu yangu tukapanda hatua kwa hatua, yeye akishika ncha ya chini na mimi ya juu, tukilinganisha usawa wa maji katika ncha zote mbili na kuandika tofauti kila tulipohama. Tulihama mara 29 kwa siku mbili. Kimo cha kweli ni mita 41. Kimo cha kushuka, kwa njia ileile, ni mita 4.2.

Hesabu ni hii: zidisha lita za kwa dakika kwa kimo cha kushuka, zidisha tena kwa ufanisi wa pampu, kisha gawanya kwa kimo cha kupanda. Hidramu ya kutengenezwa kwa mkono nimeikadiria ufanisi wa asilimia 55. Lita 60 mara 4.2 mara 0.55, gawanya kwa 41, ni lita 3.4 hivi kwa dakika, ambazo kwa saa 24 ni karibu lita 4,860. Nilirudi kwa mwalimu mkuu siku ileile nikamweleza kwamba lita 7,000 nilizomwahidi hazipo na hazitakuwapo. Alinyamaza, kisha akaniuliza kama hizo 4,860 ni za kweli. Nilimjibu kwamba zimepimwa kwa maji, hazikupimwa kwa simu. Anayefuata kazi hii asiahidi kitu mpaka mpira umefika juu.

19 Februari 2023: Mzee mwenye shamba la chini

Bomba litapita katika shamba la kahawa la mzee mmoja, na shamba lake jingine liko chini ya pampu, likitegemea kijito hichohicho. Aliniita na kuniambia, "Binti yangu, wewe ni mtoto wa hapa, lakini unataka kuninyima maji." Maelezo ya mdomo hayakumridhisha. Kesho yake nilibeba jerikeni tatu za lita 20 zilizojaa, nikaziweka mbele yake, nikachota lita tatu tu na kuzitia kwenye ndoo ya pembeni, kisha nikamwaga zote zilizobaki kwenye mkondo. Nikamwambia, "Mzee, katika kila lita 60 zitakazoingia kwenye pampu, zinazopanda ni hizi tatu. Nyingine zinamwagika palepale na kurudi kijitoni juu ya shamba lako." Aliitazama ile ndoo kwa muda mrefu. Sharti lake lilikuwa koki moja ya kumwagilia kitalu chake cha miche ya kahawa, na nikalikubali. Tuliandikishana mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na mashahidi wawili. Naona siku hizi mbili ziliokoa kazi nzima kuliko chuma chochote nilichonunua baadaye.

25 Machi 2023: Malipo ya mbele

Nilimlipa mchomeleaji shilingi 400,000 mwishoni mwa Februari ili anitengenezee mwili wa hidramu na chupa ya hewa kutokana na bomba la chuma la inchi 4. Aliahidi siku kumi. Kila nilipopiga simu chuma kilikuwa njiani, baadaye simu ikawa haipatikani, na nilipofika kwenye banda lake nilikuta limefungwa, na majirani wakaniambia kwamba amehama. Fedha hizo zimekwenda.

Hasira ilinikaa wiki nzima. Nilijiuliza kama watu waliosema kwamba nimeacha mshahara ili kucheza na maji walikuwa na haki, na nilikuwa na mwaliko wa kurudi kwenye kazi ya majengo Kampala. Sikurudi, kwa sababu nilipofungua daftari langu niliona kwamba hakuna kipimo hata kimoja kilichobadilika: kijito kipo, kimo kipo, watoto wangali wanabeba maji. Kilichopotea ni fedha na mwezi mmoja. Nimepata mchomeleaji mwingine mjini Kasese, tumekubaliana kwamba mimi nanunua chuma mwenyewe, nalipa kazi kwa hatua, na nakaa palepale anapochomelea. Mwili wote pamoja na valvu umenigharimu shilingi 380,000, na ulikamilika kwa siku nne.

22 Aprili 2023: Bomba la plastiki

Bomba la kushushia linatakiwa kuwa refu mara tatu hadi saba ya kimo cha kushuka, nami nimechagua mita 18. Kwa bomba la chuma la inchi 2, hivyo ni vipande vitatu vya mita 6, kila kimoja shilingi 165,000, jumla 495,000. Baada ya kupoteza zile 400,000 nilitafuta pa kubana matumizi, na nikanunua bomba jeusi la plastiki la urefu uleule kwa shilingi 162,000. Nilijiambia kwamba maji hayajui yamo ndani ya nini.

Pampu iligonga siku ya kwanza. Sauti yake ilifanya watoto washuke mbio kutoka njiani, na mimi nilisahau kila kitu kwa saa nzima. Lakini maji yalipanda hadi mita 23 hivi juu ya pampu, yakasimama. Niliongeza uzito kwenye valvu ya kumwagia, nikaupunguza, nikabadilisha mpira wa valvu ya pili, nikafungua na kufunga viungo vyote nikitafuta kivujo. Nilifanya hivyo siku nne, na naona haya kuandika kwamba katika siku hizo nne sikuligusa lile bomba lenyewe. Siku ya tano niliweka kiganja juu yake ili nijishikilie nisianguke, nikahisi likituna na kusinyaa kwa kila pigo, kama mshipa wa shingoni. Hapo nilielewa. Kishindo kinachopaswa kupandisha maji kilikuwa kinatumika kulitanua bomba. Chuma hakitanuki hivyo, ndiyo maana karibu kishindo chote huenda kwenye valvu. Jioni ileile kiungo cha plastiki kilipasuka chenyewe na kumaliza ubishi.

Bomba la kupandisha, lile linalokwenda kutoka kwenye pampu hadi tangini, linaweza kuwa la plastiki bila tatizo, kwa kuwa chupa ya hewa imekwisha kulainisha vishindo. Langu ni la inchi 1, mita 310, shilingi 775,000. Lakini la kushushia ni la chuma. Mwenye fedha ya kitu kimoja tu kizuri anunue hilo.

13 Mei 2023: Mafuriko

Banio nililolijenga mwezi wa Machi lilikuwa ukuta wa zege na mawe uliokatiza kijito upande hadi upande. Wiki iliyopita mvua ilinyesha juu milimani usiku kucha, na asubuhi hapakuwa na ukuta, wala mifuko ya mchanga. Mwili wa pampu niliukuta mita 40 chini, umenasa kwenye mizizi ya mti, ukiwa mzima. Hasara ni mifuko 6 ya saruji na vibarua, jumla shilingi 314,000.

Watu wa bonde hili hawahitaji kuelezwa maji yanaweza kufanya nini. Tarehe 1 Mei 2013 Nyamwamba ulifurika ukabomoa nyumba na madaraja na kuingia hospitali ya Kilembe, na Mei 2020 ukafanya hivyo tena. Katika kikao cha kamati mama mmoja, ambaye nyumba yake ilichukuliwa mara zote mbili, aliniambia kwa upole kwamba mahali hapa maji huchukua kila unachokiweka mbele yake. Sikumjibu papo hapo. Nililala na maneno yake siku tatu, na nilichogundua ni kwamba alikuwa amenipa maelekezo ya kazi: nisiweke kitu mbele yake.

Mpango mpya ni huu. Hakuna ukuta. Nimechimba mtaro kando ya kijito, sambamba na mkondo, nikalaza humo bomba lenye matundu na kulifunika kwa kokoto na mawe, ili maji yaingie yakichujika kutoka ubavuni na mafuriko yapite juu bila kukuta cha kubomoa. Kutoka hapo maji huingia katika birika dogo la kutuamisha mchanga, lililojengwa penye mwamba. Pampu nayo nimeihamishia juu ya alama ya matope iliyoachwa na mafuriko kwenye vigogo vya miti. Kuihamisha kumenipunguzia kimo cha kushuka kutoka mita 4.2 hadi 3.6, na kimo cha kupanda kutoka mita 41 hadi 40.4. Hesabu mpya ni lita 2.94 kwa dakika, karibu 4,230 kwa siku, na mara ya pili nimekwenda kwa mwalimu mkuu kupunguza tarakimu. Safari hii ndiye aliyenifariji.

30 Julai 2023

Miezi miwili ya kuchimba, kumwaga zege na kulaza bomba, yote bila tukio la kusimulia. Ili kupata fedha nimekuwa nikifunga mabomba katika nyumba za mjini siku tatu kwa wiki na kufanya kazi ya kilimani siku tatu. Wazazi wamenunua tangi la lita 5,000 kwa shilingi 1,450,000, kwa michango, wengi wao baada ya kuuza kahawa. Walilinunua kabla hawajaona tone la maji.

17 Agosti 2023: Maji yamefika

Yalifika saa kumi na dakika ishirini jioni. Kwanza ulitoka upepo kwenye mdomo wa bomba, kisha maji ya udongo, kisha maji. Jerikeni ya lita 20 ilijaa kwa dakika 7 na sekunde 40, yaani lita 2.6 kwa dakika, karibu lita 3,750 kwa siku. Ufanisi ni asilimia 49, chini ya makadirio yangu, na nitautafuta mahali ulipopotelea.

Mama yangu hakwenda shuleni kuyaona. Alishuka bondeni polepole na fimbo yake, akaketi juu ya jiwe karibu na shimo la pampu, akaisikiliza ikigonga mpaka giza lilipoingia. Nilipomfuata aliniuliza, "Na usiku inagonga hivi hivi?" Nikamwambia ndiyo, mama, usiku pia. Sikuweza kusema zaidi.

2 Septemba 2023: Kimya

Siku ya tisa mlio ulibadilika. Badala ya pigo laini palikuwa na kishindo kikavu, kama nyundo juu ya chuma, na bomba la kupandisha lilikuwa likirukaruka ardhini. Nilidhani ni dalili ya nguvu. Usiku huo flanji, yaani bamba la kuungia, ya chupa ya hewa ilipasuka kwenye mstari wa kuchomelea, na asubuhi palikuwa kimya.

Naeleza hili kwa urefu, kwa kuwa ndilo kosa ambalo litampata kila asiyelijua. Hewa iliyo ndani ya chupa huyeyuka kidogo kidogo katika maji yanayopita na kuondoka nayo. Ikiisha, chupa hujaa maji, na maji hayabanwi kama hewa, kwa hiyo kila kishindo hugonga chuma moja kwa moja mpaka kitu kivunjike. Dawa yake ni tundu dogo la kupumulia, linalotobolewa chini kidogo ya valvu ya pili. Mwisho wa kila pigo kuna kitambo kifupi sana ambapo maji hurudi nyuma na kuvuta, na hapo tundu hunyonya punje ya hewa, ambayo pigo linalofuata huisukuma ndani ya chupa.

Nilitoboa tundu la milimita 3, na hewa iliingia nyingi mno, maji ya tangini yakapungua hadi kutoka kwa kukohoa. Nililiziba kwa kuchomelea na kutoboa jingine la milimita 1.5, na hilo ndilo sahihi kwa pampu ya ukubwa huu: hurusha mchirizi mwembamba kila pigo linapopiga na kunyonya linapoachia. Kwa tahadhari nimetia pia ndani ya chupa mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli uliojazwa upepo kiasi na kukunjwa, ambao hushika hewa isiyoweza kuyeyuka. Matengenezo yote ni shilingi 85,000. Shule ilirudi kwenye jerikeni kwa siku sita, na hakuna mzazi aliyenilaumu, jambo ambalo liliniuma kuliko lawama.

11 Novemba 2023: Kuirekebisha

Pampu ilikuwa ikipiga mara 72 kwa dakika. Nimeongeza nati mbili za uzito kwenye shina la valvu ya kumwagia na kuurefusha mwendo wake kidogo, na sasa hupiga mara 54. Maji hupata muda mrefu zaidi wa kushika kasi kabla ya kufungiwa njia, hivyo kila pigo lina nguvu zaidi. Pampu sasa inatumia lita 68 kwa dakika badala ya 60, na tangi linapata lita 3.05, karibu 4,390 kwa siku. Ufanisi umepanda hadi asilimia 50 tu, kwa hiyo ongezeko kubwa limetokana na kutumia maji mengi zaidi, na niliona ni haki kumwambia mzee mwenye shamba la chini kabla hajaliona mwenyewe. Alikuja, akatazama mkondo chini ya pampu, akaridhika.

Mpira wa valvu nilioukata kutoka kwenye tairi la gari ulidumu wiki saba, ukaanza kuchanika ukingoni. Wa sasa nimeukata kutoka kwenye mkanda mnene wa mashine ya kusaga, wenye nyuzi ndani, na baada ya wiki tano haujaonyesha mchubuko. Majani yaliziba birika mara mbili, nikaongeza wavu wa pili.

20 Januari 2024: Kiangazi, na hesabu ya fedha

Kijito kimepungua hadi lita 44 kwa dakika. Pampu ilianza kumeza hewa kwa sababu ilikuwa ikimaliza maji ya birika kuliko yanavyoingia. Nimeondoa nati zilezile mbili na kuufupisha mwendo wa valvu, na sasa inatumia lita 38 na kutoa lita 1.6, kama lita 2,300 kwa siku. Hizo bado zinazidi zile 2,150 ambazo wanafunzi walikuwa wakizibeba. Wasichana wawili na mvulana mmoja wa darasa la saba wamejifunza kuhesabu mapigo na kubadilisha nati, na wanaandika katika daftari lao kila Ijumaa.

Maji haya ni ya kijito. Yanafaa kwa kufulia, kunawa, kusafishia vyoo na kupikia, lakini ya kunywa shule inayachemsha jikoni, na nimebandika maandishi juu ya koki ili pasiwe na mtu wa kudhani kwamba kufika kwake kilimani kumeyasafisha.

Gharama za vitu vinavyofanya kazi leo ni hizi: bomba la chuma 495,000, bomba la kupandisha 775,000, hidramu yenyewe 380,000, saruji mifuko 14 kwa 476,000, mchanga, kokoto na mawe 290,000, na usafiri 240,000. Jumla ni shilingi 2,656,000, bila tangi. Gharama za makosa ni mchomeleaji 400,000, plastiki 162,000, banio lililochukuliwa 314,000 na chupa iliyopasuka 85,000, jumla 961,000. Zote pamoja ni 3,617,000, zikizidi akiba yangu kwa 417,000, ambazo nilizipata kwa kazi za mjini. Atakayejenga kama hii akisoma kurasa hizi kwanza, sioni kwa nini alipe zile 961,000 tena.

Kamati ya maji imechaguliwa, watu saba, wanne wakiwa wanawake. Kaya zinazochota shuleni jioni zinachangia shilingi 1,000 kwa mwezi. Hadi leo sanduku lina 186,000, na kitu cha kwanza kilichonunuliwa ni mpira wa akiba wa valvu.

9 Machi 2024: Kijito cha pili

Vijana wawili mafundi walikuja kutoka Bwera kwa boda boda na kulala kwetu usiku mmoja. Niliwafungulia pampu yote, nikawaonyesha mstari wa kuchomelea uliopasuka na lile tundu la milimita 3 lililozibwa, ambalo bado linaonekana. Kijito chao kina maji mengi kuliko chetu, lakini wanasema kinashuka mita 2 tu na zahanati yao iko juu sana. Niliwauliza wamepima kwa kifaa gani. Walitazamana, mmoja akatoa simu mfukoni.

Jumatano tunakwenda wote na ule mpira wa mita 15. Binamu yangu amekubali kushika ncha ya chini.